Mawese Kwenye Mizani: Safari Yangu ya Kwanza Goma

Nimekulia Kigoma, penye michikichi, na ni mawese yaliyonipeleka Goma, nchini Kongo, kwa mara ya kwanza. Nilitaka kuona wanawake wa huko wanavyoyapika kuwa sabuni. Nilipita Rusumo, nikalala Kigali, kesho yake basi likapanda milima ya Musanze na kuteremka hadi Rubavu. Mpaka wa Petite Barrière niliuvuka kwa miguu, nikiwa nimebanwa katikati ya akina mama waliojitwika nyanya na maharage.

Goma ni nyeusi. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilikatiza mjini Januari 2002, na watu wamejenga juu yake. Hata kuta za nyua ni mawe hayo hayo. Tshukudu, yaani mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili, hupita zimesheheni mkaa na viazi. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kama mara mbili ya Kigoma, na asubuhi baridi yake inauma.

Baridi hiyo huyagusa mafuta pia. Katika soko la Virunga nilikuta bidoni (madumu) za manjano zimepangwa, mawese yameganda nusu: mazito chini, mekundu mepesi juu.

"Mama, bidoni hii ina kilo ngapi?"

"Ni lita makumi mbili, kaka. Kilo utapima mwenyewe."

Alisema kweli, na uani kwa wapika sabuni nilielewa kwa nini jambo hilo ni zito. Kiongozi wao aliweka kwanza bidoni tupu kwenye mizani, kisha iliyojaa, akatoa uzito wa chombo. Yalibaki mafuta ya kilo 18 na kidogo. Lita ya maji ina kilo moja. Lita ya mawese ina gramu 910 hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi, ndiyo maana huelea. Basi lita 20 mara 0.91 ni kilo 18.2. Anayetaka kilo 20 kamili hugawa kwa 0.91, apate karibu lita 22.

Sokoni tofauti hiyo ni hasara ya fedha. Kwenye sufuria ni ngozi ya mtu. Soda kostiki hupimwa kwa uzito wa mafuta: kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 141. Kilo 18.2 zinataka soda kilo 2.57. Ukiihesabu bidoni kuwa kilo 20, utatia kilo 2.82, na zile gramu 250 zilizozidi hazina mafuta ya kuzila. Zitabaki ndani ya mche wa sabuni, zimchome mtoto anayeogeshwa nayo.

Moto nao una sehemu yake. Mafuta yakipashwa hutanuka: yakifika nyuzi 50 za Selsiasi, lita 20 hushuka hadi kilo 17.9 hivi. Kwa hiyo akina mama wale huyayeyusha kwanza, wakayakoroga mazito na mepesi yachanganyike, ndipo wakapima kwa kilo. Sijaona utaratibu bora kuliko huo, hata kwetu kwenye michikichi.

Nawe unayetaka kuanza kazi ya sabuni, usinunue soda kabla ya kununua mizani.