Mweupe wa Sumbawanga

Nyumbani kwetu Sumbawanga niliitwa mweupe. Bibi yangu, mkulima wa ulezi na maharage upande wa Mpui, hakunitaja bila kuongeza sifa hiyo, na shangazi zangu walipenda kunitofautisha na dada yangu, "yule mweusi". Hapakuwa na nia mbaya. Katika Kiswahili chetu, weupe na weusi ni vipimo vya ndugu waliozaliwa tumbo moja.

Dar es Salaam nilikokwenda kusoma shahada ya kwanza, weupe huo haukuonekana, niligeuka Mfipa. Wenzangu wa bweni walipojua ninakotoka walionyana wasiniudhi, nisije nikawatupia radi. Jina la mji wetu wengi hulifasiri kuwa ni agizo la kuutupa uchawi, lakini mtani hakumbuki kitenzi, hukumbuka uchawi tu. Nilicheka pamoja nao. Asiyecheka ndiye huthibitisha.

Kisha nikaja Edinburgh kwa shahada ya uzamili. Baridi yake haikunishtua sana, maana Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai sweta si pambo. Kilichonishtua ni fomu yenye visanduku. Kimoja tu kilinifaa: Mweusi, Mwafrika. Nikatia alama, na njiani nikacheka peke yangu nikimkumbuka shangazi. Baada ya miezi miwili kicheko kiliisha. Nilikuwa nimeanza kuingia dukani mikono ikiwa nje ya mifuko, bila ya kuambiwa na mtu.

Mwalimu Nyerere alisoma katika mji huu kuanzia 1949 hadi 1952. Mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake ya Shakespeare, *Mabepari wa Venisi*, ambamo mwanamfalme wa Moroko anaingia jukwaani na, kabla ya lolote, anaomba asichukiwe kwa ajili ya rangi yake. Nilipoisoma ujanani sehemu ile niliipita haraka, nikikimbilia kesi ya ratili ya nyama. Hapa niliirudia mara tatu usiku mmoja. (Neno rangi lenyewe, wapenzi wa lugha mnajua, tumelipata kwa Waajemi, tunalitumia kwa ukuta, kwa kitenge na kwa binadamu, bila kubagua.)

Lakini lililonikata maini halikuwa rangi. Maktabani nilikuta kitabu cha Roy Willis kuhusu fasihi simulizi ya Wafipa, kilichochapishwa 1978. Humo nikaitambua hadithi moja. Bibi alikuwa akitusimulia kwa Kifipa jikoni, tukingoja ugali wa ulezi, nami nikiambulia neno moja katika matatu, kwani wazazi wetu walitulea kwa Kiswahili ili tusisumbuke shuleni. Sasa niliielewa yote, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Na niliielewa kwa Kiingereza. Nimekuwa nikitunga tarbia tangu kidato cha pili, naweza kubishana na Mmombasa juu ya vina vya kati hadi usiku wa manane, na sikuwa nimeisikia hadithi ya bibi yangu.

Jumapili nikapiga simu ya mjomba, nikaomba nipewe bibi.

"Mambo ya kale hayo, mjukuu wangu, unayatakia nini?"

Nikamwambia nataka kuyaandika. Akaanza, polepole. Nilimkatiza kila baada ya sentensi, nikiuliza maana, nikiandika maneno kama nilivyoyasikia, na yeye akichoka nami waziwazi. Katikati akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Huko wanakuitaje?"

"Mweusi, bibi."

Alicheka mpaka mjomba akaja kuuliza kuna nini.

"Wewe? Basi hawajamwona dada yako."

Kisha akaniuliza tumeishia wapi.