Kutoka Kuitikia hadi Kujenga Hoja

Nafundisha Sayansi darasa la sita, Lushoto. Darasa langu halikukosa sauti. Nikisema, "Mmea hutengeneza chakula chake kwa kutumia mwanga wa...?" wote wanamalizia, "Juaaa!" Nikimuuliza mmoja, "Kwa nini unasema hivyo?" anainamisha kichwa. Wengi wao nyumbani huongea Kisambaa, na Kiswahili cha sokoni wanakimudu. Kiswahili cha kutetea hoja mbele ya wenzao ndicho walichokuwa hawajakizoea.

Mabadiliko yalianza na karatasi ya manila niliyobandika ukutani, yenye mianzo ya sentensi: "Ushahidi ninaouona ni...", "Nakubaliana na mwenzangu kwa sababu...", "Sikubaliani na hitimisho hilo kwa kuwa..." Nikiuliza swali, kwanza kimya, kila mtu afikiri. Kisha wanazungumza wawili wawili kwa maneno yao, hata kwa Kisambaa. Ndipo mtu anasimama kulieleza darasa. Istilahi naziandika ubaoni baada ya jaribio, wakiwa tayari na jambo la kulitaja kwazo.

Mwanzoni waliisoma mianzo ile kama wanaokariri shairi. Somo la usanisinuru likanionyesha kuwa imeingia.

Tuliuweka mmea gizani ili wanga uliomo majanini uishe, tukafunika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi, tukauweka juani. Baadaye tukalichemsha jani lile, tukaondoa ukijani wake kwa spiriti, tukalidondoshea iodini. Palipokuwa wazi pakawa buluu iliyokoza karibu na weusi. Palipofunikwa pakabaki na ukahawia wa iodini.

Binti mmoja akasimama: "Ushahidi ninaouona ni rangi. Palipofunikwa hapana wanga, kwa hiyo mmea unahitaji mwanga."

Mvulana wa nyuma akanyoosha kidole: "Nakubaliana na mwenzangu kuhusu rangi, lakini si hitimisho. Karatasi imezuia mwanga, huenda imezuia na hewa. Tutajuaje kipi kimesababisha?"

Kabla sijajibu, wa tatu akapendekeza turudie, jani jingine tulifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga. Hilo halikuwamo kwenye andalio langu la somo.

Sasa hata madaftarini mwao majibu hayaishii neno moja, yanaeleza sababu. Mwalimu mwenzangu, manila moja na dakika chache za mazungumzo hazihitaji bajeti. Uliza "kwa nini", subiri, na usiwamalizie sentensi.