Ardhi Mgando

Kwa miezi kadhaa dhana moja imeninyima raha. Nilipewa kutafsiri kijitabu kifupi kwa ajili ya wapagazi na waongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro, na katika ukurasa wa pili likajitokeza jambo ambalo wataalamu huliita pamafrosti: udongo, changarawe au mwamba uliobaki katika nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa muda usiopungua miaka 2 mfululizo. Nikafungua kamusi. Barafu tunayo, theluji tunayo, jalidi na sakitu tunazo pia, ingawa wengi wetu huzikuta vitabuni tu. Hakuna hata moja iliyofaa. Maneno hayo hutaja vitu vinavyoonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono, ilhali fasili ile ni ya hali ya joto tu. Hata mwamba mkavu unaweza kuingia humo. Tena juu yake huwapo tabaka linaloyeyuka kila kiangazi, hivyo apitaye huona mawe na vumbi, basi.

Kisichoonekana huthibitishwaje? Nilipopata safari ya Uswisi kwa shughuli nyingine, nilipanda Schilthorn, mlima wenye kimo cha meta 2,970, ambako tangu mwaka 1999 watafiti hupima ukinzani wa umeme ardhini. Vigingi vya chuma hupangwa kwa mstari na kuunganishwa kwa kebo. Viwili hupitisha mkondo ardhini, vingine viwili hupima tofauti ya volteji. Kadiri vinavyotengana, ndivyo mkondo unavyozama. Maji yaliyomo baina ya chembe za udongo yana chumvi zilizoyeyuka, nayo hupitisha umeme. Yakiganda, njia huziba na ukinzani hupanda.

Hata hivyo, ukinzani mkubwa si ushahidi tosha, kwa kuwa hewa iliyonaswa baina ya mawe makubwa nayo huzuia umeme kama barafu izuiavyo. Hapo huitwa shahidi wa pili, naye ni nyundo. Bamba la chuma hupigwa, na vipokezi vilivyopandwa ardhini hunasa mtikisiko. Sauti hewani husafiri takriban meta 330 kwa sekunde, katika maji takriban 1,500, na katika barafu hufikia 3,500 hivi. Umeme ukishindwa kutofautisha barafu na hewa, mtikisiko hutofautisha. (Washairi tunaogombania vina tungenufaika na mahakama ya namna hii.)

Katika kiangazi cha 2003, Ulaya ilipokumbwa na joto kali, tabaka liyeyukalo la Schilthorn lilizama karibu mara mbili ya kina chake cha kawaida. Julai ya mwaka huohuo mawe yaliporomoka Matterhorn, na katika kovu lililobaki ilionekana barafu. Kumbe mlima mrefu hushikiliwa na barafu ya nyufani, kama mawe ya ukuta yanavyoshikiliwa na chokaa.

Mdogo wangu ni mpagazi. Njia anazopita hufika Kibo, kwenye meta 5,895, ambako watafiti wamefukia vipimajoto na kukuta ardhi iliyoganda, ingawa si kila mahali, maana kreta ya Reusch bado hutoa mvuke wa moto kutoka chini. Mwezi Januari 2006 mawe yaliporomoka upande wa Western Breach yakaua wapandaji 3 kutoka Marekani. Sidai kwamba ninajua kilichoyaachia mawe yale. Lakini kwa sababu ya mdogo wangu sikutaka neno la kupamba ukurasa; nilitaka neno atakalolielewa akiwa na mzigo kichwani.

Mhariri alipendekeza “jalidi ya daima”. Nilikataa. Daima ni ahadi, na ardhi hii haiahidi kitu. Miaka 2 ni kipimo chake cha chini, na ikipata joto huyeyuka. Nikamsomea mdogo wangu kwa simu chaguo langu: ardhi mgando.

Alicheka. “Dada, mgando kama maziwa?”

Kama maziwa, nikamjibu: kilichokuwa kikimiminika kimeshikana. Akafikiri kidogo, kisha akaniambia kwamba maziwa yakishaganda hayarudi kuwa mabichi, ilhali ardhi yangu hurudi kuwa tope. Hoja hiyo sijaipatia jibu la kuridhisha, nami nimeliacha neno hivyohivyo, kwa kuwa mgando hutaja hali iliyopo bila kusema itadumu hadi lini. Mwenye neno bora na alilete.

Nilimweleza pia habari za vigingi na nyundo. Akaniuliza kama vifaa hivyo vinaweza kupelekwa Western Breach. Nikasema vinaweza, ila vigingi huhitaji udongo wenye unyevu kidogo ili mkondo upite vizuri, na huko ni pakavu. Huenda ikabidi maji nayo yapandishwe.

“Na kebo,” akauliza, “zina kilo ngapi?”