Wasifu wa Babu Yako

Kwai, Lushoto

Mjukuu wangu mpendwa,

Huku ukungu haujatuachia wiki nzima na karoti zinaozea shambani kwa kukosa gari la kuzishusha Mombo.

Ule wasifu wa marehemu utakaosomwa kwenye ibada ya arobaini nimeusoma. Mkono wako mzuri, ila umeandika kama mtu anayejaza fomu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Halafu ukaongeza kwamba aliizunguka dunia kwa ndege. Hilo lifute. Babu yako, kaka yangu, alikuwa fundi. Ndege alizozitengeneza zilifika London na Bombay; yeye alibaki chini na spana yake.

Andika kazi, mjukuu wangu. Alikwenda Nairobi mwaka 1966, mwaka ambao Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipokea Super VC10 yake ya kwanza, ile yenye injini nne zote mkiani. Pale uwanja wa ndege wa Embakasi Mtanzania, Mkenya na Mganda walivaa ovaroli moja, na Kiswahili cha kaka yangu, chenye Kisambaa ndani yake, kiliwachekesha zamu nzima.

Tarehe 18 Aprili 1972 usiiruke. Siku hiyo VC10 mojawapo ilikuwa ikipaa Addis Ababa kwenda Rome, na mbele zaidi London. Tairi la mbele likakanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka kwenye ndege ndogo, likapasuka, na rubani akaamua kusimama. Breki hazikushika inavyotakiwa. Wachunguzi walikuta kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imefungwa vibaya. Waliokuwamo walikuwa 107, walikufa 43.

Si yeye aliyezifunga breki hizo. Hata hivyo, sikumbuki kumwona tena akiweka nati chini bila kuitazama mara ya pili. Nyinyi watoto mlimcheka jioni akihesabu majembe na mapanga kabla ya kufunga stoo, mkasema babu mchoyo. Hakuwa mchoyo. Aliwahi kuniambia kwamba kifaa kisichoonekana kina mahali kilipo, na mahali hapo huenda pakawa njiani kwa mtu mwingine. Na ukimharakisha alikuwa anapunguza mwendo makusudi. Mimi mwenyewe alinichosha sana kwa hilo.

Mwaka 1977 shirika likavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Februari mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, naye akarudi na sanduku moja. Machi ikaundwa Air Tanzania, akaanza upya Dar es Salaam na Fokker zake, baadaye Boeing 737.

Sasa mafao. Makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya nchi tatu zilitia saini mwaka 1984, lakini hata baada ya mwaka 2000 wazee waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam wakidai haki zao. Kaka yangu aliteremka mara nyingi kwenda kusimama nao, barua yake ya ajira ndani ya mfuko wa nailoni. Shangazi zako watasema si adabu kutaja pesa kanisani. Itaje. Sehemu ya maisha ya mtu aliyoipitisha kwenye foleni nayo ni maisha yake.

Nawe uliyeanza kazi juzi, barua ya ajira na hati za mshahara usiziache kwenye simu peke yake. Simu huibwa.

Kuna mzee Korogwe aliyefanya naye kazi Embakasi. Namba yake anayo bibi yako. Mpigie kabla ya Jumapili, anajua mengi kuliko mimi. Ongea kwa sauti ya juu na usikate tamaa akikuuliza mara tatu wewe ni nani, injini zimekula masikio yake.

Ni mimi, babu yako mdogo.