Mbio, Pumzi na Miili ya Vijana Wetu



Kila ukaribiapo wakati wa mashindano ya mpira, sisi walimu wa huku Lusenda huletewa mashauri mawili yasiyopatana. Mama huja kutuambia kwamba mbio zinammaliza mwanawe, kwa maana jioni hurudi amelegea, hata kula hataki. Mwalimu wa michezo naye hudai kwamba kijana asiyetapika uwanjani hajafanya mazoezi. Mama ana sehemu kubwa ya kweli, na yule mwalimu ana sehemu ndogo. Twapenda kuzieleza zote mbili.

Nani katika pwani hii ya Tanganyika asiyejua mawese yaliyochacha? Yaache wazi juani, na baada ya muda harufu yake hubadilika na ladha yake huuma kooni. Kinachoyaharibu ni oksijeni, ile hewa tunayoivuta puani ili tuishi. Basi, kila seli ya mwili wetu imezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta, na mafuta hayo nayo yaweza kuharibiwa namna hiyo hiyo. Mtu akimbiapo kwa nguvu zake zote, mwili wake hutumia oksijeni mara 10 na zaidi kuliko akaapo kitako. Katika kazi hiyo huzaliwa chembe kali ziitwazo radikali huru, ambazo hushambulia mafuta, protini, hata mbegu za urithi zilizomo ndani ya seli. Zikizidi uwezo wa mwili wa kuzizima, wataalamu husema mwili umepatwa na mkazo wa oksidesheni.

Haya si maneno ya kukisia. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani walipima pumzi za watu waliofanya mazoezi mazito, wakaona imeongezeka ndani yake hewa ya pentani, ambayo hutoka katika mafuta ya mwili yanapoharibika. Mwaka 1982 wengine wa California waliwakimbiza panya mpaka wakachoka kabisa, wakakuta radikali huru katika misuli na maini yao zimeongezeka mara mbili hata tatu. Hapo ndipo mama wa kijana anaposhinda shauri.

Lakini Mwenyezi Mungu hakuuacha mwili bila walinzi. Mwaka 1969 wataalamu McCord na Fridovich walitangaza kwamba wamegundua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima mojawapo ya chembe hizo kali. Walinzi wengine wapo pia, na jambo la ajabu ni kwamba huongezeka wanapopewa kazi. Kijana anayefanya mazoezi leo kidogo, kesho kutwa zaidi kidogo, na kupumzika katikati, mwili wake hutengeneza walinzi wengi zaidi. Baada ya majuma kadhaa mbio zile zile zilizomwangusha hazimdhuru tena kama mwanzo. Yule aliyekaa bure miezi mitatu, kisha akakimbizwa siku tatu mfululizo kabla ya mechi, hana walinzi wa kutosha. Amekosewa kipimo, naye hulaumiwa kwa uvivu! Mtume Paulo, alipochukua mfano wa wakimbiaji katika barua yake kwa Wakorinto, hakusahau kutaja kiasi chao.

Kwa hiyo hatuwaungi mkono wazazi wanaotaka kukataza michezo kabisa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Ila shauri hilo lasema juu ya mwili wote na kazi zake zote, si juu ya mpira tu. Tazameni siku ya msichana wa miaka 14 wa hapa kwetu. Alfajiri amekwisha kuteka maji, baadaye amepanda mlima kwenda shambani, akashuka na mzigo wa muhogo au kuni, kisha ametwanga. Saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali, aambiwa akimbie kuzunguka uwanja mara 15 kwa sababu eti ni mzito. Wavulana wanaovuta nyavu usiku hali yao ni hiyo hiyo. Sisi twaona kwamba mwalimu wa michezo yampasa kuuliza kwanza, "Leo umefanya kazi gani?" ndipo apange mazoezi. Na usingizi uhesabiwe pia, maana kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku.

Sasa tuje jikoni, na hapa tutakaa kidogo. Walinzi wa mwili hutengenezwa kwa chakula. Mawese mekundu yana vitamini E na rangi ile ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini mama anayeyachoma mpaka yageuke meupe ameitupa rangi hiyo motoni. Mapapai, maembe na mapera hutupa vitamini C, nayo mapera yana nyingi kupita machungwa. Sombe lina protini na madini, ingawa vitamini C yake nyingi hupotea katika kuchemshwa, na kuchemshwa vizuri ni lazima. Muhogo wenyewe wataka uangalifu. Usipolowekwa siku za kutosha hubaki na sumu ya sianidi, na ili kuishinda sumu hiyo mwili hutumia sehemu za protini zenye salfa, zile zile zinazohitajika kutengeneza glutathioni, mlinzi mkubwa wa seli. Kijana alaye ugali wa muhogo mtupu, kisha akimbizwe, anadaiwa mara mbili. Konzi moja ya ndagala, au maharagwe, au karanga, humsaidia sana. Twajua kwamba katika nyumba nyingi, za wenyeji na za ndugu zetu wa Burundi waliokimbilia hapa tangu mwaka 2015, samaki huwekwa mbele ya baba kwanza. Akina baba watusamehe, lakini anayekua ni yule aliyekaa pembeni.

Wako vijana wanaonunua vidonge vya vitamini sokoni ili wapate nguvu za mechi. Huko Ujerumani, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2009, wanaume vijana walifanya mazoezi majuma manne. Wengine walipewa kila siku vidonge vya vitamini C na E kwa wingi, wengine hawakupewa. Waliokosa vidonge ndio ambao miili yao ilipata faida ya mazoezi katika kutumia sukari na kuongeza walinzi. Vidonge vilizima hata ule moto mdogo unaouamsha mwili ujilinde. Fedha hiyo yafaa inunue ndagala.

Limebaki neno la malaria. Vijidudu vyake huishi ndani ya chembe nyekundu za damu, huziharibu na kuujaza mkazo ule ule tuliousema. Tena wako watu, hasa wanaume, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe hizo, na wengine wana ugonjwa wa selimundu. Kijana aliyetoka kitandani juzi kwa homa asirudishwe uwanjani kwa sababu timu imepungukiwa mchezaji. Na yeyote ambaye baada ya mbio, au baada ya kumeza dawa, aona mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai kali, aache mchezo papo hapo, anywe maji, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya fainali.