Vipande vya Krismasi, Blanketi la Julai

Kwetu Tukuyu, mwaka wa mtu anayeshona vipande hauanzi Januari Mosi. Unaanza siku mafundi cherehani wanapomaliza nguo za Krismasi, wakafagia baraza zao na kukusanya vilivyobaki. Vipande hivyo vilikuwa mtaji wa mama yangu, na mpaka leo ndivyo vinavyoniambia nishone nini. Nimeviona vikibadilika kitambaa, rangi, bei na hata heshima. Kila kilichoipata Rungwe, wilaya yetu, iwe neema au dhiki, kiliacha alama yake chini ya cherehani.

Asiyeijua Rungwe aambiwe kwanza habari ya mvua. Mji wetu umekaa upande wa kusini wa Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, na mawingu yanayopanda kutoka Ziwa Nyasa yakifika hapo hayana ujanja ila kumwaga maji. Sehemu nyingi za wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo siri ya chai yetu, ndizi zetu na maziwa yetu. Mvua huanza Novemba, hukolea Machi na Aprili, huaga Mei. Kisha Juni hadi Agosti tunaachiwa ukungu na baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa.

Ushonaji ulifuata kalenda hiyo. Novemba na Desemba kila aliyejaliwa alipeleka kitambaa kwa fundi. Januari ilikuwa zamu ya sare za shule, kwa hiyo vipande vya maua viliongezewa vya kaki, vya bluu na vyeupe. Februari hadi Aprili, wachuma chai walirudi mchana wameloa, mvua ikawafungia watu ndani, na hapo ndipo akina mama waliposhika sindano. Mei blanketi lilikuwa limekamilika. Baridi ilipobisha hodi Juni, ilikuta watoto wamefunikwa.

Mimi ndiye niliyekuwa natumwa. Mafundi walikaa barazani mwa maduka, mji mzima ukipita mbele yao.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mama kakutuma vipande? Kamwambie leo kuna krimplini tupu. Vya vitenge wenyewe wamevidai."

Kudai kwenyewe kulikuwa na sababu. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini maduka yalibaki matupu na kitambaa kilipatikana kwa foleni. Khanga na vitenge vya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilisikika redioni kuliko vilivyoonekana dukani. Sisi wa kusini tulikuwa na mlango wa nyuma: mpaka wa Kasumulu hauko mbali, na vitambaa kutoka Malawi vilipanda mlima usiku, vingine vikiwa vimezungushwa tumboni mwa mvaaji. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye doti mbili za halali alizificha. Mwaka ule vipande vilipungua kabisa. Watu walishona vyumbani, na kilichobaki kilichomwa jikoni kisije kikaulizwa kilitoka wapi.

Mama alishona kwa cherehani ya mkono, na pale uzi ulipoadimika, alishona kwa sindano na uzi aliofumua kwenye sweta iliyochakaa. Blanketi lake lilikuwa na tabaka tatu. Juu vilikaa viraka. Katikati aliweka blanketi kuukuu, au masweta yaliyokwisha viwiko, yaliyopasuliwa na kulazwa bapa. Chini alitandika mifuko ya unga wa ngano, ile ya kitambaa, iliyofumuliwa na kufuliwa mpaka maandishi yakabaki kivuli. Alitandaza yote sakafuni juu ya mkeka, akapiga bandi kuanzia katikati kwenda pembeni, mstari kwa mstari, ili pasibaki kikunyo.

Pasi ndiyo iliyokuwa mtihani. Tetroni na krimplini, vitambaa vya poliesta, haziivumilii pasi ya mkaa iliyokolea. Zinayeyuka na kunata. Mama alichovya kidole majini, akagusa chuma haraka, akasikiliza. Kikisema "tsss" ya nguvu, aliiweka pasi pembeni na kuanza kupanga viraka. Sheria yake ilikuwa moja: kizito kishonwe na kizito, chepesi na chepesi, la sivyo kimoja kitamrarua mwenzake. Rangi zilikuja baadaye. Ukweli ni kwamba nyingi ya rangi nilizokuja kusifiwa ukubwani zilitokana na sheria hiyo ya uzito. Kaki ilikaa na bluu ya shati la kazi kwa sababu zote zilikuwa nzito, na kwa bahati zikapendeza.

Usiku nililala chini ya blanketi hilo nikilisoma. Vipande vingi havikuwa vyetu. Vilikuwa vya majirani. Nilijua nani alishonewa gauni Krismasi ile na nani alirudia la mwaka uliopita. Nilijua mtoto yupi ameanza darasa la kwanza kwa sare mpya na yupi amepunguziwa ya kaka yake, kwa sababu sare ya kupunguza huacha mabaki yaliyopauka. Blanketi lilikuwa gazeti la mtaa.

Lakini mgeni hakuoneshwa. Asubuhi lilifunikwa kwa shuka jeupe lililodariziwa, na sebuleni vilitandikwa vitambaa vya kufuma kwa krosheti. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kazi ya sindano ikawa sehemu ya mafunzo waliyopewa akina mama katika misheni nyingi. Bibi yangu alijifunza kudarizi kwenye madarasa ya kanisa na akamfundisha mama. Darizi ilikuwa ushahidi kwamba nyumba ina mwanamke aliyefunzwa. Kiraka kilikuwa ushahidi wa shida. Mkono ulioshona vyote viwili ni mmoja, ila kimoja kilitandazwa na kingine kikafichwa.

Kisha milango ikafunguka. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985 "ruksa" ikawa salamu ya nchi. Mitumba ikajaa. Sokoni Tukuyu marobota yalikatwa kamba asubuhi, na kufika mchana watu walikuwa wamevaa makoti ya nchi wasizozijua. Blanketi la mtumba likawa rahisi kuliko uzi wa kushonea la viraka. Mama aliweka sindano chini bila majonzi yoyote. Alikuwa ameshona kwa sababu watoto waliona baridi. Sasa hawakuiona tena. Mafundi nao wakaanza kuvichoma vipande, au kuvijaza kwenye mito.

Kilichonirudisha mimi ni mtumba uleule. Nilikuwa mtu mzima, napita sokoni, nikaona muuzaji ametandaza bidhaa zake juu ya kitu chenye viraka vya nyota. Wateja walikuwa wamelikataa blanketi lile kwa sababu ya viraka, akaona bora liwe turubai. Nililinunua kwa bei ya kuondoa balaa. Mama alipolipokea hakutazama nyota. Aliligeuza kwanza upande wa chini, akapitisha kidole kwenye bandi mpaka mwisho wa mstari.

"Huyu mama ana mkono mzuri," akasema. "Ila uzi alikuwa nao tele."

Hapo nikaanza kuuliza na kusoma. Nikakuta kwamba Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi jimboni Alabama, akina mama walishona mablanketi ya viraka kutokana na nguo za shamba zilizochakaa, kwa sababu zilezile za mama: baridi na ukosefu. Mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, kisha New York, na mwaka 2006 yakatolewa kwenye stempu za posta za Marekani. Nikakuta Wasidi wa Karnataka, India, ambao ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi kupitia Goa enzi za Wareno. Wao huanza pembeni na kuelekea katikati, kinyume na mama, na kwenye pembe huweka vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Hata khanga, nguo tunayoitumia kuzikia na kuzalia, husimuliwa kwamba ilianza kwa wanawake wa pwani ya Waswahili karne ya 19 kununua leso za mkononi zikiwa hazijakatwa na kuunga sita pamoja. Yaani vazi la heshima kuliko yote kwetu lilianza kwa kuunganisha vipande.

Nikarudi barazani kwa mafundi. Safari hii si baridi iliyonituma.

Nilichokikuta kilikuwa kipya. Zamani kiroba kimoja kilikuwa na vipande vya nguo thelathini tofauti, kila kimoja kadiri ya kiganja. Sasa kiroba kizima kinaweza kuwa na ua moja tu. Siku hizi tunavaa sare: sare ya harusi, ya sendofu, ya kitchen party, ya kwaya, ya msiba, na kila tarehe 8 Machi vitenge vya Siku ya Wanawake. Ukoo mzima unakata kitambaa kimoja, na mabaki yake yanafika kwa mkupuo. Mwanzoni hali hii ilinitesa, maana nilizoea kutafuta maelewano kati ya vitu visivyofanana. Kitu kimoja kingi nilikuwa sijui nikifanyeje.

Dawa nilipewa na mikeka ya Kyela. Inapanda huku pamoja na mchele na kakao, na msukaji wake ana ukindu wa rangi mbili au tatu tu. Uzuri wote anautoa kwenye mwelekeo wa msuko. Nikajaribu hivyo kwa sare. Ua lilelile nikalikata wima, mshazari na mlalo, nikaunga na kaki ya Januari katikati. Ua likasambaratika likawa mwendo. Tangu hapo nimeacha kuuliza nina rangi ngapi. Nauliza kitambaa kinaelekea wapi.

Majira nayo bado yananipangia. Januari nina kaki na bluu, natengeneza vitu vigumu: mikoba, aproni, vifuko vya vyombo. Baada ya Machi nina vitenge, natengeneza mito na vitambaa vya meza. Miezi ya harusi, baada ya mavuno, inaniletea lasi na satini, ambazo ni sumbufu kwa sababu zinateleza na kufumuka nyuzi. Na kila kitenge kinafuliwa kwanza, kwani siku hizi vingi vinachuja, na kimoja kikichuja kinaharibu kazi ya wote.

Serikali na ugonjwa vikamalizia kazi ya kuvipandisha vipande cheo. Juni Mosi 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na mara watu wakahitaji mfuko wa kitambaa wa kuendea sokoni. Mwaka uliofuata ikaja korona, na barakoa ya kitenge inahitaji kipande kisichozidi viganja viwili. Mafundi waliokuwa wanavichoma wakaanza kuvihesabu. Leo kiroba nanunua. Vijana wa Dar es Salaam wanavaa jaketi za viraka zenye bei kuliko za kitambaa kizima, na hakuna anayezifunika kwa shuka jeupe.

Sitaki kudanganya kwamba zamani ilikuwa bora. Mama angenicheka. Hakuna mzazi anayeutamani mwaka 1983, na mwenye kushona kwa hiari hawezi kujilinganisha na aliyeshona kwa lazima. Lakini kuna kitu kimepungua. Vipande ninavyonunua leo havina wenyewe. Vinatoka Mbeya, Kiwira, Tukuyu, vimechanganywa. Siwezi kusema hiki ni cha nani na hicho ni cha harusi ipi. Kazi zangu ni nadhifu kuliko za mama na zinauzika, ila hazisomeki kama zake.

Kwa hiyo nina ombi, na si gumu. Ukienda kuchukua nguo kwa fundi, dai vipande vyako. Usidai kwa shari ya "fundi kala kitambaa". Mwambie mapema, kabla hajakata, akuwekee kwenye mfuko. Viandike kwa kalamu: gauni la ubatizo la fulani, sare ya darasa la kwanza, kitenge cha msiba wa babu. Kama hushoni, mpe anayeshona mtaani kwako na umweleze habari yake. Ukifanya hivyo Desemba hii, atakuwa na masika nzima ya kufanya kazi, na Julai mtu atajifunika kitu anachokijua.