Maneno Yaliyofichwa Chini ya Picha

Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda twajua jinsi sikio la mwanafunzi linavyochelewa kuizoea lugha isiyosemwa nyumbani kwake. Ndiyo sababu twaipenda video. Mwanafunzi humwona msemaji, humsikia, na kama maneno yameandikwa chini ya picha, huyasoma papo hapo. Lakini mara nyingi maneno hayo, ijapokuwa yameandikwa kwa jasho, hayaonekani. Yamo, ila yamefichwa. Yafaa basi tujiulize: ni nani aliyeamua yafichwe?

Hapo mwanzo hayakufichwa. Mwaka 1972 kituo cha televisheni cha WGBH cha Boston, Marekani, kilionyesha kipindi cha mapishi cha Julia Child pamoja na manukuu ambayo kila mtazamaji aliyaona, atake asitake, ili viziwi nao wafaidi. Machi 1980 ukaanza utaratibu wa pili: maandishi yalitumwa yamefichwa ndani ya mawimbi, na aliyeyataka alihitaji chombo maalumu cha kuyafichua. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 1990 iliwataka watengenezaji wauweke uwezo huo ndani ya televisheni zenyewe, zile zenye kioo cha inchi 13 au zaidi, kuanzia Julai 1993. Hata hivyo, uamuzi wa kuyawasha uliachiwa mtazamaji.

Desturi hiyo ndiyo iliyorithiwa na vivinjari vya intaneti. Mtayarishaji wa ukurasa huambatanisha video na faili la manukuu, ambalo ni maandishi matupu yenye kuonyesha wakati wa kila sentensi kutokea na kutoweka. Katika tagi iitwayo "track" hutaja lugha ya manukuu hayo. Kwa Kiswahili ni herufi mbili tu, "sw". Akiongeza hapo neno moja, "default", kivinjari huyaonyesha manukuu mara video ianzapo, isipokuwa mtazamaji amekwisha kuchagua vingine. Asipoliongeza, kwa kawaida manukuu hukaa kimya mpaka mtu abonyeze kitufe. Tena neno hilo haliruhusiwi kuwekwa kwenye manukuu ya lugha mbili katika video moja. Lazima lugha moja itangulie.

Hapo ndipo penye jambo la kutushughulisha sisi walimu. Watu wengi huvipokea vitu kama walivyovikuta. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na video uiwekavyo ndivyo itazamwavyo. Yakitangulizwa manukuu ya Kiingereza, jicho la mwanafunzi hukimbilia Kiingereza, na Kiswahili humpita sikioni kama mvua juu ya bati. Yakitangulizwa ya Kiswahili, jicho na sikio hushirikiana: yule anayechanganya "kula" na "kura", kama wafanyavyo wanafunzi wetu wengi, huiona tofauti wakati uleule anapoisikia.

Wapo wenzetu wasemao kwamba maandishi humfanya mwanafunzi awe mvivu wa kusikiliza. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini mwenye kusikia aweza kuyazima maandishi kwa kubonyeza mara moja. Asiyesikia, naye hajui kwamba maandishi yamo, atayaombaje? Darasani mwetu yumo msichana mwenye uzito wa masikio. Maandishi yakiwapo, huandika muhtasari wake mwenyewe, tena kwa maneno mateule; yasipokuwapo, hunakili wa jirani. Akili yake ni ileile siku zote mbili. Kilichobadilika ni neno moja ambalo mtayarishaji aliliweka au aliliacha.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba walimu wanaorekodi masomo ya Kiswahili na kuyaweka kwenye intaneti watangulize manukuu ya Kiswahili yakiwa yamewashwa, na ya lugha nyingine yawepo kwa atakayeyachagua. Likifika zoezi la kusikiliza, mwalimu na ayazime mbele ya darasa akieleza sababu, na asiyesikia apewe karatasi yenye maneno. Kazi hii hufanywa kabla ya video kutolewa, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Baada ya hapo, anayeyataka maneno atayakuta, na asiyeyataka atajua pa kuyaondolea.